Mstari wa Pacha

Mdogo wangu anaitwa Pacha, ingawa ukimtazama yuko peke yake. Alizaliwa na mwenzake. Mwenzake akaishi siku chache tu, na katika siku hizo baba na mama walikuwa bado wanabishana jina la kumpa. Baba alitaka la upande wake, mama la upande wake, na wakati wao wakivutana mtoto akaenda zake. Wakamzika bila jina katika sehemu ya vichanga kwenye makaburi ya zamani, karibu na ukuta wa nyuma. Aliyebaki mtaa mzima ukamwita Pacha mpaka leo.

Utotoni kila mgeni aliyekuja kwetu alimuuliza, "Na mwenzako yuko wapi?" Akawa anajibu kwa upole. Alipokua akaanza kununa. Alipopata kazi ya kompyuta katika ofisi ya baraza la mji, alitutangazia mezani kwamba sasa ni mtu mzima, tumwite kwa jina lake halisi, au walau Fundi kama wanavyomwita kazini. Mama akamjibu, "Sawa, Pacha." Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Sijawahi kumwita vinginevyo, na baada ya yaliyotokea ndiyo kabisa.

Mambo yenyewe yalianza baraza lilipoamua kupitisha barabara kubwa katikati ya makaburi yale. Tangazo likabandikwa: wafu wote watafukuliwa na kuhamishiwa makaburi mapya, nje ya mji. Mwenye ndugu yake pale apeleke ombi, ataarifiwa kwa simu siku ya kufukua, aje asimamie mwenyewe na kuchagua mahali pa kumzika upya. Wale ambao hawana wa kuwaombea watakusanywa na kuzikwa pamoja katika kaburi moja refu.

Mama alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la baraza, kabla hata karani hajapangusa meza yake. Alipeleka maombi mawili, la baba, ambaye naye alikuwa amezikwa pale, na la mtoto. Sehemu na namba alizitaja kwa kichwa, maana hakuna mwaka aliopitisha bila kwenda kung'oa magugu pale ukutani. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani, na alinirudia nalo kila nilipokaa kwenye cherehani yangu.

"Nataka walale pamoja, kaburi moja. Yule mdogo hajawahi kulala ubavuni mwa mtu."

Akanituma nishone kitambaa cheupe cha kumfungia. Nikakishona, kidogo kama cha kufunikia kikapu cha mkate. Akakigeuza dirishani, akasema pindo limekwenda upogo, nifumue. Nikafumua. Akasema sasa uzi umelegea. Wateja wangu wanaolipa hawajawahi kunisumbua hivyo, na nilimwambia. Akasema, "Wateja wako watanunua nguo nyingine mwakani." Nikafumua tena.

Sasa nieleze kazi ya Pacha, na nitaieleza kama nilivyomlazimisha anieleze mimi, mtu wa sindano na uzi. Ofisini kulikuwa na mafaili mawili ya maandishi matupu. La kwanza lilikuwa la makaburi yote: kila kaburi na mstari wake, na katika kila mstari jina la marehemu, sehemu, namba na mwaka. La pili lilikuwa la maombi: sehemu, namba, jina la mwombaji na simu yake. Kazi ilikuwa kuchukua kila kaburi katika faili la kwanza na kulitafutia mwenzake katika la pili. Lililopata mwenzake, familia inapigiwa simu. Lililokosa linaandikwa kwenye faili la tatu, na faili hilo linachapishwa na kupelekwa kwa wachimbaji.

Mkuu wa idara yao, ambaye wanamwita Bwana Leo kwa sababu kila kitu anakitaka leo, alikuwa anataka kuwaweka makarani watatu walinganishe kwa macho. Pacha akamwambia, nipe asubuhi moja. Akaandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta inayafuata mstari kwa mstari bila kuchoka. Mchana alirudi kula akiwa amevimba kama andazi.

"Dada, wewe tangu asubuhi umeshona suruali moja," akaniambia. "Mimi nimeshalinganisha mji mzima wa marehemu."

"Suruali yangu nimeivalisha mtu akatembea nayo. Wewe umehakikisha?"

"Nimemjaribu baba. Akatokea papo hapo, na simu ya mama pembeni. Halafu chukua waliopata wenyewe, jumlisha na waliokosa, unapata idadi ya wote. Hesabu imekaa. Haijapotea hata roho moja."

Mama aliyasikia hayo kutoka jikoni. Alitoka na sufuria, akamwongezea mchuzi.

Simu zikaanza kutoka. Jirani wa mbele akapata yake, mwenye duka akapata yake, na ya baba ikaja: Alhamisi asubuhi, msichelewe. Ya mtoto haikuja.

"Na mdogo?" mama akamuuliza Pacha.

"Zinatoka kwa mafungu, Mama. Tulia."

Kesho yake akamuuliza tena. Na keshokutwa. Alikuwa akimuuliza mlangoni, Pacha akiwa na kiatu kimoja mguuni, na Pacha alikuwa akimjibu huku anatafuta cha pili.

"Mama, mwanadamu ndiye anayesahau. Kompyuta haisahau."

Nilimfuata mpaka nje. Nikamwambia, "Si uangalie tu? Mstari mmoja! Hutamaliza hata chai."

Akatazama huku na huku kama mtu anayedaiwa. "Dada, nikianza kuchungulia la nyumbani kwetu watasema napendelea ndugu zangu. Lina zamu yake."

Nikamwacha aende, maana lilikuwa jibu la mtu mwadilifu. Siku hizi ninaposikia mtu akijigamba kwa uadilifu namtazama mara mbili.

Alhamisi tukaenda. Mama alivaa gauni lake la kijivu, na kitambaa kile alikiweka ndani ya mkoba, kwa imani kwamba kama tumeitwa kwa baba huenda na mtoto wakatutolea hapo hapo, kuokoa safari. Pacha alikuja na shati jeupe, kadi ya kazi shingoni. Wachimbaji walikuwa wameshaweka turubai. Msimamizi wao, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye wenzake wanamwita Meja, alivua kofia alipotuona. Sitaki kusema mengi juu ya kumtoa baba. Walimtoa kwa heshima, wakamweka kwenye sanduku dogo la mbao lenye namba, na mama akaweka kiganja juu ya kifuniko mpaka kikapigiliwa.

Kisha akasema, "Twende tukamwone na mdogo."

Tukapita katikati ya mashimo na vichuguu vya udongo, Meja nyuma yetu na sanduku likitangulia kwenye gari. Tulipozunguka kibanda cha walinzi, mama akasimama. Sehemu ya vichanga ilikuwa imekwisha kufukuliwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa pale pale, na chini yake yalikuwa mashimo tu, mafupi, yaliyopangwa mstari baada ya mstari, mengine ukubwa wa beseni la kuogea. Alihesabu kwa kidole kutoka ukutani, akafika kwenye lake. Shimo lilikuwa na maji ya mvua kidogo.

"Wako wapi?" akauliza.

"Sehemu hii tuliimaliza juzi, Mama," Meja akasema, na ile sauti yake ikawa ndogo. "Wote walikuwa hawana wenyewe. Tumewapeleka kwenye lile kaburi refu."

"Wote?"

"Wote, Mama. Hata sisi tulishangaa. Tukasema basi, labda watu wakizaa wengine hawa wanawasahau."

"Nani amesahau?" mama akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa wa kwanza dirishani. Muulize karani. Nani amesahau?"

Meja akaanza kupapasa mifuko, akatoa karatasi zilizokunjwa, akamwonyesha Pacha. Zilikuwa karatasi zake mwenyewe Pacha, faili la tatu. Nilimwona akishusha kidole kwenye ukurasa. Kaburi la mwenzake lilikuwa pale, sehemu sahihi, namba sahihi, mwaka waliozaliwa wote wawili, miongoni mwa wasioombewa na mtu. Mahali pa jina palikuwa peupe. Juu yake palikuwa peupe, chini yake peupe, ukurasa mzima.

"Tunaweza kumpata?" mama akamuuliza Meja. "Mngechimba tena pale, nikawatazamia mimi?"

Meja alimtazama Pacha, kisha mimi, akitafuta wa kumsaidia. "Mama yangu, mifupa yao ni laini. Tulichokikuta tulikiweka pamoja. Hata ningekudanganya, ningekupa cha nani?"

Mama alifunga mkoba wake. Nilikuwa sijatambua kwamba ulikuwa wazi muda wote, na mkono wake ndani.

Nilimrudisha nyumbani kwa gari la jirani, nikamlaza, nikatoka. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwao nikiwa na hasira ya kuvunja kitu. Pacha alikuwa kwenye kiti chake mbele ya kioo cha kompyuta, shati jeupe limeingia udongo. Nilikuwa nimeandaa maneno mazito njiani. Nilipomwona uso, sikuyatumia hata moja, na hilo nalo likanikasirisha.

"Eleza," nikamwambia. "Eleza kama unamweleza mtoto."

Akaeleza. Katika lile faili, kati ya jina na sehemu, na kati ya sehemu na namba, kuna alama isiyoonekana, ile inayowekwa na kitufe cha tab. Skripti ikiona alama hiyo inajua kwamba safu moja imekwisha na nyingine inaanza. Lakini mtoto asiye na jina, mahali pa jina pameachwa patupu, kwa hiyo mstari unaanza na alama hiyo bila kitu kabla yake. Na yale maagizo aliyoyatumia Pacha kusoma mistari yana desturi moja: yakikuta alama hiyo mwanzoni mwa mstari, yanairuka kana kwamba haipo.

"Ni kama mtu anayehesabu benchi," akasema. "Badala ya kuhesabu nafasi, anahesabu waliokaa. Nafasi ikiwa tupu anairuka. Kwa hiyo sehemu ikasogea ikakaa mahali pa jina, namba ikakaa mahali pa sehemu, mwaka ukakaa mahali pa namba. Skripti ikaenda kumtafutia mwombaji kwa namba na mwaka badala ya sehemu na namba. Hakuna aliyeomba hivyo. Ikasema hana mwenyewe."

"Kwa kila asiye na jina?"

"Kila asiye na jina."

"Na wewe hukujua?"

"Nilijua, Dada." Alijishika kichwa. "Kila anayefanya kazi hii anajua. Ni jambo la wiki ya kwanza. Sikudhani kwamba mle ndani kuna nafasi tupu."

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga, na nashukuru meza ilikuwa katikati yetu. Mtu aliyeitwa Pacha maisha yake yote hakudhani kwamba kuna nafasi tupu!

Bwana Leo alitokea na kikombe chake, akasema mambo haya hutokea, kwamba hesabu ya jumla ilikuwa sahihi, na kwamba barabara haisubiri. Nilimwambia nami sisubiri, na kama hatampigia Meja simu sasa hivi nitakwenda kulala ndani ya shimo pale makaburini wanifukie na barabara yao. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa amri ya leo. Akampigia. Kulikuwa na sehemu ya pili ya vichanga, ng'ambo ya kibanda, ambayo majembe yalikuwa hayajaigusa. Wakaiacha.

Pacha akarekebisha. Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja, na alinionyesha kabla hata sijauliza: kabla ya kusoma kitu chochote, kila palipo patupu paandikwe kistari kidogo, ili skripti ione kwamba pana mtu. Akabonyeza. Wakaanza kujitokeza, kistari, sehemu, namba, na pembeni simu ya mama fulani. Wakapita kwenye kioo haraka kuliko ninavyoweza kusoma. Wengine walikuwa wa sehemu ya pili, waliokuwa bado ardhini mwao. Wengine walikuwa wa sehemu ya kwanza. Na yule wetu akapita, simu ya mama pembeni yake, amepata mwenyewe.

Jioni hiyo Pacha alimwambia mama. Alimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, anachagua mchele ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kuula. Nilikaa mlangoni. Sikumsaidia hata kwa neno.

"Mama, kosa ni langu mimi."

"Kompyuta haikumwona?"

"Haikumwona."

"Kwa nini? Namba niliikosea?"

"Hukukosea, Mama. Ni kwa sababu hana jina."

Mama aliendelea kuchagua mchele. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi sina mtoto, lakini pale mlangoni nilionjeshwa. Najua alichokuwa anakifikiria, kwa sababu alikuwa amekwisha kuniambia mara nyingi: kwamba angekubali tu jina alilotaka baba, basi. Jina lilikuwa zuri. Ni ubishi wa ujana. Kosa la zamani lile lilikuwa limerudi, safari hii limepitia kwa mwanawe aliyebaki.

Kisha akaweka ungo chini.

"Na wewe?" akamuuliza. "Kompyuta haikumwona. Wewe ulimtafuta?"

Pacha alikuwa na majibu ya kila kitu tangu akiwa darasa la kwanza. Nilimwona akilitafuta hili.

"Nilimtafuta baba," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, polepole. Akanyoosha mkono, akampangusa udongo kwenye kola ya shati, akamwambia akanawe, chakula kinakaribia. Alimsamehe pale pale, mbele yangu, mchele haujaingia hata chunguni. Mimi sijui watu wa namna hiyo wameumbwa na nini.

Wiki iliyofuata Pacha alipiga simu mwenyewe. Hakumwachia karani. Wa sehemu ya pili aliwaambia waje. Wa sehemu ya kwanza aliwaambia ukweli, na alikuwa akishikilia simu mbali kidogo na sikio, kisha akawa hashikilii mbali tena. Mmoja alimtukana mpaka salio likaisha. Mwingine, bibi mwenye sauti kavu, alimuuliza tu kama pale walipowekwa pana kivuli.

Wa sehemu ya pili walipokuja, mama alikwenda kuwapokea. Hakuna aliyemwita. Alikaa karibu na turubai pamoja nao, akiwashikia mikoba, na zamu ya mama mmoja ilipofika ikaonekana hakuja na chochote cha kumfungia mtoto, kwa haraka ya kupata gari. Akaanza kujivua mtandio. Mama yetu akafungua mkoba, akampa kitambaa changu.

"Pindo limenyooka," akamwambia. "Nimelikagua."

Baba yuko makaburi mapya sasa, kwenye kaburi lililochimbwa pana kidogo kuliko lilivyohitajika. Kaburi refu liko upande wa pili wa uzio, hatua kidogo kutoka kwake. Baraza limeliwekea bamba linalosema hapa wamelala wasiojulikana, na Pacha amekwisha kuandika barua kuomba neno hilo libadilishwe, na Bwana Leo amekwisha kujibu kwamba litashughulikiwa kesho.

Tunakwenda watatu. Mama akimaliza kwa baba anavuka uzio na jembe lake dogo. Zamani, kwenye makaburi ya kale, kazi yake ilikuwa ya mara moja: anachuchumaa pale ukutani, anang'oa, anaupigapiga udongo kama mgongo wa mtoto anayebembelezwa, anaondoka. Sasa hajui achuchumae wapi. Kwa hiyo anaanza mwanzo wa kaburi na kupalilia lote mpaka mwisho, kila mahali sawasawa, asije akapita alipo. Magoti yake hayafai tena kwa kazi hiyo. Nilimwambia apalilie kipande tu, Mungu anajua nia yake. Akaniuliza, "Kipande kipi?"

Pacha anaanza upande wa pili kwa mikono, bila jembe. Mara ya kwanza alikwenda kasi, kama alivyo, akamaliza eneo kubwa, akasimama kumsubiri mama. Mama akamfikia. Aliinama, akaanza kurudia palepale alipopita Pacha, na aling'oa magugu mengi tu. Pacha akatazama lile rundo mkononi mwa mama. Akarudi mwanzo, akapiga magoti, akaanza upya.